Kobe akiinama hatungi sheria, anaumwa

Wiki tatu zilizopita jirani yangu hapa Bwiru, Mwanza, aliniita nikamtazame kobe wake mgeni. Alikuwa amempokea kutoka kwa familia ya wifi yake iliyohamishiwa Dodoma, na tangu siku aliyofika alikuwa akilazwa stoo, juu ya sakafu ya saruji, ndani ya beseni la plastiki lililotandikwa gunia ambalo, kwa mvua hizi za masika, halikuwahi kukauka. Nilimkuta ameinamisha kichwa hadi kidevu kimegusa gunia, macho yamefumba, miguu ya mbele imelegea. Nilipochuchumaa niliona povu dogo, lenye ukubwa wa punje ya mtama, likivimba kwenye tundu la pua la kulia, likapasuka, kisha likavimba tena. Shemeji wa nyumba hiyo, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akatoa hekima yake: "Mwalimu, usihangaike. Kobe akiinama anatunga sheria." Wote wakacheka. Hata mimi, nakiri kwa aibu, nilitabasamu kabla hasira haijanipanda.

Msemo huo ni mtamu kijiweni, lakini kwa mtu aliyeletewa kobe nyumbani ni sumu. Kobe yule alikuwa ameinama kwa siku nne, na katika siku hizo nne hakuna aliyeshtuka, kwa sababu hakulia, hakuhema kwa sauti, wala hakumsumbua mtu. Kuku akikunja mabawa na kujitenga pembeni, kila mama wa mtaa huu atakuambia hapo hapo kwamba kideri kimeingia. Mbuzi akikataa majani, mtoto wa darasa la pili atakimbia kusema. Kobe akifanya yote mawili kwa pamoja, tunasema ametulia, ana busara, anatafakari. Tumempa sifa za mzee wa baraza ili tusilazimike kumwangalia.

Ukweli wa mwili wake ni kwamba hana njia ya kutuambia mapema. Mapafu yake yamelala juu, chini ya gamba la mgongoni, na hana kiwambo cha misuli kama chetu cha kusukuma hewa, kwa hiyo hawezi kukohoa vizuri makamasi yakatoka. Yakishaingia, yanabaki humo humo. Mwili wake hutegemea joto la nje, na akiwekwa mahali penye baridi na unyevunyevu kwa pamoja, kinga yake hushuka na umeng'enyaji wa chakula hulegea, huku akiendelea kuonekana yule yule wa jana. Anaweza kuishi hivyo kwa wiki nyingi, akila akiba ya mwili wake mwenyewe ndani ya gamba ambalo halikondi. Ng'ombe akikonda tunahesabu mbavu. Mbavu za kobe zimeungana na gamba lenyewe, na gamba litabaki duara na la kupendeza hata siku atakapokufa ndani yake.

Ndiyo maana mimi naamini mizani kuliko macho. Mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki, inatosha kabisa kwa kobe mdogo, na daftari la shule la mistari linatosha kwa kumbukumbu. Mgeni apimwe siku anayofika, kisha kila wiki, siku ile ile, kabla hajala. Kobe mchanga anapaswa kupanda pole pole, na akishuka wiki mbili mfululizo kuna jambo, hata kama mzee wa baraza ametulia kiasi gani.

Kuna tabia nyingine inayotokana na ujinga huo huo, nayo inaniuma zaidi kwa sababu nilikaribia kuifanya mwenyewe. Miaka minne iliyopita, nilipopokea kobe wangu wawili, niliona minyoo kwenye kinyesi cha mkubwa, nikaenda duka la dawa za mifugo. Kijana wa dukani, bila kuuliza uzito wala kumwona mnyama, akanitolea chupa ya ivermektini, ile ile tunayowachoma ng'ombe na mbuzi, akanielekeza nichome "kidogo tu, kwa sababu naye ni mdogo". Nilikuwa nimekwisha kutoa pesa mfukoni. Kilichoniokoa si akili bali simu iliyoita, nikatoka nje kuipokea, na aliyepiga alikuwa rafiki yangu aliyesomea udaktari wa mifugo Morogoro, ambaye aliposikia nilichokuwa nanunua alinipigia kelele hadi nikaisogeza simu mbali na sikio. Dawa hiyo, inayovumiliwa vizuri na ng'ombe, humlegeza kobe misuli yote, pamoja na ile ya kupumulia, na humuua. Sasa mtu afikirie kobe aliyechomwa ivermektini, amelala miguu imenyooka, hawezi kuinua shingo, na familia nzima imemzunguka ikisema kwamba leo ametulia kweli kweli. Nimelala usiku mwingi nikiiwaza picha hiyo. Mwenye mnyama huyu asichukue dawa yoyote dukani kabla ya kumpata daktari aliye tayari kusema, "Ngoja kwanza nikasome."

Nakubali, shingo upande, kwamba wanaosema kobe hana gharama wana ukweli fulani. Chakula chake kikubwa ni ukoka, na ukoka Mwanza haununuliwi. Tatizo ni kwamba maneno "hana gharama" hugeuka haraka kuwa "anakula chochote", na hapo siwezi kumnyooshea mtu kidole, kwa sababu mwezi wa kwanza niliwapa wangu ugali, ndizi mbivu na dagaa waliobaki, nikifurahi jinsi walivyoshindania. Kobe wa madoa, kama hawa wetu, ni mla majani. Protini nyingi humchosha figo, na wanga na sukari huvuruga tumbo lililoumbwa kumeng'enya nyuzinyuzi. Kobe wangu mdogo aliletwa kwangu akiwa tayari ameanza vibaya, amelelewa mahali pakavu kwa chakula kisichofaa, na leo kila kigae cha gamba lake kimeinuka kama kichuguu. Havitashuka tena. Siku hizi wanakula ukoka, magugu ya shambani yasiyopigiwa dawa, na mpungate nilioubanika miiba, ukinyunyiziwa chokaa ile ile tunayochanganya kwenye chakula cha kuku wa mayai. Mchicha naupima, si kila siku. Jua wanalipata moja kwa moja, kwa sababu jua lililopita kwenye kioo cha dirisha haliwasaidii kutumia chokaa hiyo.

Kuhusu maji nitasema machache, ingawa wakazi wa ziwani ndio tunaokosea zaidi. Kobe wa nchi kavu hakuumbwa kuogelea. Anayempeleka ufukweni "akaone ziwa" anampeleka kuzama. Anachohitaji ni karai la maji ya uvuguvugu yasiyofika kidevuni, dakika 15 au 20, anywe na ajisaidie. Akitoa kitu cheupe kama uji wa chokaa, watoto wasipige mayowe, kwani ni mkojo wake, na ni dalili nzuri mradi uwe laini. Ukitoka na chembe kama mchanga, mnyama ana kiu ya siku nyingi.

Watoto wanawe mikono kila wanapomshika, kwa sababu ya salmonela, bakteria wa kuharisha. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kasa na kobe wadogo wenye gamba lisilofikia takriban sentimita 10, baada ya watoto wengi kuugua. Na kwa kuwa shemeji anapenda habari za sheria, sheria inayomhusu kobe huyu ilikwisha kutungwa na Bunge mwaka 2009, nayo haimruhusu mtu kumwokota mnyamapori mlimani na kumfanya wake bila kibali. Ukipewa kobe, omba na karatasi zake.

Halafu kuna Jonathan. Kila ninapomwambia mtu kwamba kobe wake anaumwa, ananijibu kwamba kobe hafi ovyo, kwani yuko mmoja kisiwani Saint Helena anayekadiriwa kuzaliwa mwaka 1832. Nampongeza Jonathan. Lakini yeye ni kobe mkubwa wa Shelisheli anayeishi kwenye majani mapana ya bustani ya gavana, na ana daktari wake. Hakulazwa stoo kwenye gunia bichi.

Jirani yangu, namsifu, hakubishana. Jioni ile ile tulimhamishia kobe kwenye kreti kubwa la mbao lenye nyasi kavu, tukamwekea taa ya vifaranga upande mmoja ili apate joto na upande mwingine ukabaki wa kukimbilia. Kesho yake daktari alimchoma antibiotiki kwenye mguu wa mbele, akarudi mara kadhaa kumalizia dozi. Siku ya tisa povu liliisha. Siku ya kumi na mbili aliinua kichwa, akauma jani la ukoka, akaliachia, akaliuma tena, na mama mwenye nyumba alinipigia simu saa moja asubuhi kunisimulia tukio hilo kwa urefu.

Siku ya kwanza alikuwa na gramu 1,180. Jumamosi hii tumempima mbele ya nyumba nzima, akafika 1,215. Shemeji alisogea na kikombe chake, akainama, akaisoma namba mara mbili, kisha akauliza kama mizani yangu ni nzima.