Picha ya kinamasi huona majani, haioni tope

Maji yakishapwa, mtafiti wa vinamasi vya maji chumvi ana saa chache tu kabla bahari haijarudi. Ndani ya saa hizo huweka chini fremu ya mraba, mara nyingi ya nusu mita kwa nusu mita, akakadiria kila mmea umefunika asilimia ngapi, akahesabu konokono na matundu ya kaa, kisha akahamia fremu nyingine. Ndiyo maana wazo la kuipiga picha fremu na kwenda kuihesabu mezani limepata wafuasi. Kwa mimea naliunga mkono, kwa masharti. Kwa wanyama wasio na uti wa mgongo linanitia hofu.

Faida yake ni ya kweli. Watu wawili makini wakitazama fremu moja, huyu anaweza kusema nyasi zimefunika asilimia 40 na yule 55. Picha hupunguza ubishi huo: unaitandazia nukta 100, unataja kilicho chini ya kila nukta, na kila nukta inahesabiwa asilimia moja. Anayetilia shaka airudie mwenyewe, hata miaka 20 baadaye, jambo lisilowezekana kwa namba zilizoandikwa daftarini peke yake. Isitoshe, muda wa kusimama juu ya tope laini hupungua, na mimea haikanyagwi sana.

Tatizo ni kwamba kinamasi kina ghorofa. Juu kunaweza kuwa na nyasi za Spartina, chini yake Salicornia, mmea mfupi wenye mashina manene, na chini kabisa mabua makavu yaliyolala. Mkono hupekua, kamera huona paa. Anayekadiria kwa kupekua, tabaka kwa tabaka, anaweza kupata jumla ya asilimia 130, wala hajakosea, kwa sababu majani hupandana. Picha iliyopigwa kutoka juu, kwa nukta zile zile 100, haiwezi kamwe kuvuka 100. Basi mradi uliohesabu kwa mkono kwa miaka kumi ukihamia kwenye picha bila kipindi cha kufanya yote mawili, grafu yake itaonyesha mimea ya chini ikipotea. Mtu ataandika kwamba kinamasi kinakufa, kumbe kilichobadilika ni njia ya kuhesabu. Mtego huu naona unastahili kujadiliwa kuliko ubora wa kamera, ambao ndio watu hupenda kuuzungumzia. Pia kuna nyasi, kama Distichlis spicata na Spartina patens, ambazo zisipokuwa na maua hulazimu kuinama na kushika jani kabla ya kuzitaja.

Kwa wanyama hali ni ngumu zaidi. Konokono Littoraria irrorata hupanda mabua maji yakijaa, akiwakimbia kaa wanaomla, na maji yakipwa hushuka kula juu ya tope. Kwa hiyo picha ya fremu hiyo hiyo hutoa hesabu tofauti kulingana na saa. Konokono mdogo Melampus bidentatus hujificha kwenye unyevu chini ya mabua makavu, asionekane kabisa. Minyoo ya ndani ya tope ndiyo haina habari na kamera: lazima tope lichotwe na kuchujwa, kwa kawaida kwa chekeche yenye matundu ya nusu milimita.

Wengine husema tuhesabu matundu ya kaa badala ya kaa. Ni kweli kwamba kaa hukimbia kivuli cha mtu, na kamera iliyoachwa peke yake juu ya kigingi itawaona wakitoka tena. Hapo picha inamshinda mtu. Lakini tundu lenyewe halisemi mwenye nyumba ni nani, wala kama yumo. Kaa Minuca pugnax huchuja chakula kutoka kwenye tope. Sesarma reticulatum hula nyasi zenyewe, na huko Cape Cod, Marekani, amechangia kuacha kingo za vinamasi zikiwa tupu. Kuwaweka kapu moja la “matundu 14” ni kumficha mharibifu nyuma ya jirani yake.

Kwa kuthibitisha kwamba kitu kipo, hata hivyo, picha haina mpinzani. Minuca pugnax, ambaye mpaka wake wa kaskazini ulijulikana kuwa Cape Cod, ameonekana ng’ambo ya hapo katika miaka ya karibuni, na kwa habari ya aina hiyo picha moja safi yenye tarehe na mahali inatosha. Kutokuwepo kwake hakuthibitishwi kwa njia hiyo.

Ningekuwa na kauli katika mradi, fremu zote zingepigwa picha, na moja katika kila tano ingepekuliwa pia kwa mkono siku hiyo hiyo, kila msimu, ili tujue kamera inakosa kiasi gani. Kwenye jedwali, sifuri ya fremu iliyopekuliwa ingeandikwa “hayupo”. Ile ya picha ingeandikwa “hakuonekana”, na safu hizo mbili zisingejumlishwa.