Reli Mpya ya Kigoma Itaijenga Buha au Dar es Salaam?

Mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kipande cha kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022, na tangu hapo mawazo mkoani kwetu yamegawanyika. Wapo wanaoamini kwamba njia hiyo ndiyo itakayoutoa mkoa katika upweke wake wa miaka mingi, na wapo wanaohofia kwamba itazidisha tu kasi ya watu na mali kukimbilia Dar es Salaam. Hofu hii ya pili husemwa kwa sauti ya chini, kwa sababu hakuna anayependa kuonekana mpinga maendeleo, lakini nadhani inastahili kusikilizwa kwa makini, kwani ina historia.

Reli ya kwanza ilifika Kigoma mwaka 1914. Chini ya utawala wa Waingereza uliofuata, nyanda za juu za Buha, yaani Kasulu, Kibondo na majirani zao wa leo, zilifanywa chimbuko la vibarua: kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu huku njia za kuipata fedha hiyo nyumbani zikiwa chache, na vijana wa Kiha wakaondoka kama manamba kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Usafiri ulikuwepo, kilichokosekana ni sababu ya mtu kubaki kwao.

Takwimu za sensa zinaonyesha kwamba hali hiyo haijaisha. Kati ya mwaka 2012 na 2022 Dar es Salaam ilitoka watu milioni 4.36 hadi milioni 5.38, ongezeko la karibu asilimia 23. Mkoa wa Kigoma ulitoka milioni 2.13 hadi milioni 2.47, yaani asilimia 16 hivi. Manispaa ya Kigoma Ujiji, yenye bandari, stesheni na uwanja wa ndege, ilitoka watu 215,458 hadi 232,388, ongezeko lisilofika asilimia 8. Mji umekua polepole kuliko mkoa unaouzunguka! Tafsiri yangu ni kwamba kijana wa Buhigwe anayeamua kuondoka kijijini haoni cha kumshikilia mjini Kigoma, basi anaupita na kwenda mbali zaidi.

Wanaoitetea reli wana hoja nzito, na jiografia iko upande wao. Kigoma imekaa kando ya Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa takriban kilomita 670, linalogusa nchi nne. Ng'ambo yake iko Kalemie ya Kongo, kaskazini Bujumbura ya Burundi, kusini Mpulungu ya Zambia. Shehena ya mashariki ya Kongo ikishushwa hapa na kuvushwa kwa meli, mzunguko mrefu wa malori kupitia Tunduma, mpakani na Zambia, unaweza kupungua. Aidha, tangu gridi ya taifa ilipofika mjini mwaka 2022, mwekezaji hana tena kisingizio cha jenereta za dizeli.

Tatizo ni kwamba shehena ya kupita huacha kidogo inapopita. Kontena linalotoka kwenye behewa na kuingia melini huacha ushuru na ujira wa wapakiaji, kisha limekwenda. Utajiri unaobaki ni ule unaozalishwa hapa, na ziwa peke yake haliwezi kuubeba: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki na dagaa wapate kuzaliana. Macho lazima yageukie nchi kavu, hasa kwenye michikichi, miti inayotoa mafuta ya mawese.

Tazama jinsi mawese yanavyokamuliwa katika vijiji vyetu vingi. Chikichi huchemshwa ndani ya pipa, husagwa katika mashine ya kuzungushwa kwa mkono, na mafuta mekundu huenguliwa juu ya maji. Halafu akina mama hukaa chini kupasua kokwa kwa jiwe, moja baada ya nyingine, wapate mise, yaani viini vya ndani ya kokwa, ya kuuza. Msimu ukipamba moto bei hushuka, lakini mwenye kudaiwa ada ya shule hawezi kusubiri. Kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kinazalisha mbegu ya tenera, aina ya mchikichi yenye kokwa la ganda jembamba na mafuta mengi kuliko dura, aina ya wenyeji, na nchi yetu bado inaagiza mafuta ya kula kutoka nje. Soko lipo. Mashine ya kukamulia na ghala la kusubiria bei ndivyo vinavyokosekana.

Isitoshe, reli ya kati hupita bonde la Malagarasi, kupitia Nguruka na Uvinza, ilhali wakulima wengi wa kahawa, maharage na tangawizi wako milimani kaskazini yake. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema reli isubiri, ila naona barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, yenye kilomita 260, ina uzito uleule kwa mkulima, pamoja na njia ndogo zinazoingia humo ambazo masika huzikata. Stesheni ya Uvinza ipewe ghala na nafasi ya kupakia mazao, na vyama vya msingi vya ushirika viweze kukodi behewa moja moja, badala ya behewa zote kutengewa shehena ya Kongo.