Ukienda Guangzhou, acha mafuta, beba uzi

Kila ikikaribia Septemba, mabinti wa hapa Moshi waliopata vyuo China hunipigia kuuliza wabebe mafuta gani ya nywele. Wananiuliza mimi kwa sababu nilisoma Guangzhou, kusini mwa China, na nikarudi na nywele zangu za asili kichwani, jambo ambalo shangazi zangu hadi leo wanaliona kama muujiza. Jibu langu huwaudhi wengi. Mafuta acha, mdogo wangu. Pita sokoni Mbuyuni ununue uzi mweusi wa kusukia, kitana cha meno mapana na mtandio wa satini. Nafasi itakayobaki kwenye begi weka vitenge.

Guangzhou iko karibu kabisa na Tropiki ya Kansa. Kuanzia Aprili hadi Septemba ni mvua na joto la kunata. Hata kabla ya hapo, kati ya Februari na Aprili, kuna kipindi ambacho wenyeji hukiita huinantian: hewa ya joto kutoka baharini inaingia mjini na kukutana na kuta ambazo bado zina baridi. Kuta zinatoka jasho, sakafu ya hosteli inateleza, nguo ulizoanika juzi leo bado mbichi. Sasa mchukue mtu aliyekulia kwenye vumbi la Moshi la Januari, aliyeambiwa tangu utotoni kwamba nywele zikikauka dawa yake ni mafuta, umtie humo na kopo lake la mafuta mazito. Wiki chache tu ataanza kulalamika kwamba hewa ya kule imemharibu kichwa.

Nywele zinakunywa maji kutoka hewani. Hilo limejulikana zamani sana: mwaka 1783 mwanasayansi wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, alichapisha kitabu kuhusu upimaji wa unyevu, na kipimo chake kilitumia unywele wa binadamu, kwa kuwa unywele hurefuka kwa takriban asilimia 2 unapotoka kwenye hewa kavu kabisa kuingia kwenye hewa iliyoshiba maji. (Huyo huyo alipanda mlima Mont Blanc mwaka 1787 na Ulaya nzima ikamsifu. Sisi tunaoamka na Kibo dirishani tumpigie makofi ya adabu.) Ukiwa na nywele zilizonyooka, hiyo asilimia 2 huioni. Ukiwa na nywele za kipilipili, kila unywele unavimba na kujikunja kwa namna yake, na kichwa kizima kinabadilika kabla hujafika darasani.

Hapo ndipo pasi ya kunyooshea nywele inapoleta balaa. Unapopiga pasi, joto linafungua vifungo vidogo vya hidrojeni vinavyoshikilia umbo la unywele, vikijifunga tena unywele umeshanyooka. Vifungo hivyo havihitaji nguvu kubwa kuachia, unyevu wa hewa peke yake unatosha. Kwa hiyo Guangzhou ukipiga pasi saa moja asubuhi, saa tatu nywele zimesharudi kujikunja, kesho unapiga tena, na kesho kutwa pia. Wanaorudi na ncha zilizochanika husema ni hali ya hewa. Mimi nasema ni pasi ya kila siku, na sijaona sababu ya kubadili maneno.

Mafuta nayo yana kesi yake. Ngozi ya kichwa cha kila mtu ina fangasi waitwao Malassezia, na chakula chao ni mafuta. Kwenye joto na jasho, ukiwaongezea safu nzito ya mafuta kila jioni, unawaandalia karamu. Mba unaanza, muwasho unafuata, na binti anaongeza mafuta akidhani ngozi imekauka. Gliserini ile ya chupa ndogo ya dukani, ambayo wengi tunaichanganya na maji na kujipulizia, kazi yake ni kuvuta maji. Kwenye hewa iliyojaa maji inayavuta bila kipimo na nywele zinabaki zinanata. Huko mtu anahitaji kuosha mara nyingi kuliko alivyozoea, kondishena kwenye ncha, na mafuta kidogo mno, tena kwenye nywele zenyewe, ngozi aiache ipumue. Novemba ikifika hewa inakauka, na kiyoyozi nacho kinakausha chumba, basi hapo aongeze. Anayefuata ratiba moja mwaka mzima kwa sababu aliiona mtandaoni kwa dada mmoja wa Chicago mwenye theluji mlangoni, ajilaumu mwenyewe.

Narudi kwenye uzi, maana ndiyo nguzo ya hoja yangu. Unaosha, unakausha kwa taulo na feni hadi nywele zibaki na umajimaji kidogo tu, unagawa mafungu, kisha unazungusha uzi kuanzia shinani hadi nchani huku ukinyoosha taratibu. Usikaze sana kwenye paji la uso, nywele za mbele zikishang'oka kwa kukazwa hazirudi kirahisi. Unalala na mtandio. Asubuhi unafungua, nywele zimenyooka bila moto wowote, na hapo hapo unazisuka twende kilioni au mabutu kabla unyevu haujazifikia. Zikishasukwa, hewa ijae maji itakavyo, hazina pa kwenda. Bibi zetu walifanya hivi bila umeme. Mabinti wanaukataa kwa sababu uzi unaonekana mambo ya kijijini, na nimesikia kwa masikio yangu mmoja wa Arusha akisema hawezi kuonekana na antena kichwani mbele ya Wachina. Lakini uzi unakaa kichwani usiku mmoja! Mchina gani atakuona umelala?

Hata hivyo siwalaumu sana hawa wadogo zangu, na hili lifike kwa wazazi na walimu. Katika shule nyingi za serikali msichana ananyolewa kuanzia darasa la kwanza hadi anamaliza sekondari. Nywele zake anakutana nazo kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima, miezi michache kabla ya safari, na wakati huo huo mama anamkimbiza saluni akawekwe dawa ya kunyoosha nywele ili aonekane nadhifu kwenye picha ya pasipoti. Hajui zinakauka kwa muda gani, wala kama ngozi yake ina mafuta ya kutosha. Kisha tunampandisha ndege pale KIA na kushangaa akipiga simu ya video analia. Mama yangu aliniambia kwenye simu ya namna hiyo, "Mwanangu, huko hakuna msusi?" Nikamwambia, "Mama, msusi yupo, ila pesa yake ni ya kula wiki nzima."

Wasusi wako mtaa wa Xiaobei, ambako Waafrika wengi wa Guangzhou hukutana, na ukitaka rasta utasukwa vizuri. Rasta ni sawa, mradi ukiziosha ukae chini ya drai hadi mashina yakauke kabisa. Kulala na rasta mbichi kwenye mji ule ni kukaribisha harufu ambayo hakuna pafyumu itakayoifunika.

Na dawa? Anayetaka aweke, kichwa ni chake. Dawa inavunja vifungo vya salfa, ambavyo unyevu hauna uwezo wa kuvirudisha, kwa hiyo kwa maana hiyo finyu inashinda hewa ya Guangzhou. Ila aweke kwa kuwa anapenda nywele zilizonyooka, asiniambie ni mvua imemlazimisha. Tena apige hesabu kabla ya kuondoka: nywele huota takriban sentimita 1 kwa mwezi, zinatoka na mikunjo yake ile ile, na pale zinapokutana na zilizowekwa dawa ndipo zinapokatika. Atahitaji kurudia shina baada ya wiki chache, na saluni iliyo karibu na chuo chake pengine haijawahi kushika kichwa kama chake.