Moli iliyokufa, imekufia nani?

Jumamosi iliyopita nilimpeleka binti yangu kusukwa kwa moli moja huku Marekani, nje kidogo ya Minneapolis, jina nitaliacha. Tulifika mapema, zile saa wazee wanazunguka humo ndani kama mazoezi kabla maduka yafunguliwe, manake nje kulikuwa na baridi ya kupasua midomo. Kuna mzee mmoja namjua kwa sura tu, kila akimaliza raundi anahamisha sarafu kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia ndio asipoteze hesabu. Eskaleta imezibwa na mbao. Chemchemi ya pale katikati ilizimwa kitambo, imebaki vigae vya bluu na sarafu mbili tatu zimegandia kwa chokaa, za watu waliotupa wakiomba sijui nini enzi hizo.

Kwa mlango wa saluni ndio nikaona karatasi. Tangazo la kikao cha hadhara, kwamba kuna mpango moli ibomolewe karibu yote, waweke flati, kliniki, bustani, maduka chini na nyumba juu. Na kuna mchoro, watu wembamba wanatembeza mbwa kwa jua la kiangazi, hakuna hata mmoja amebeba mfuko wa shopping. Maneno yaliyotumika ni kwamba hio ni moli iliyokufa na inapewa uhai mpya.

Mi nikasoma nikaangalia ndani. Saluni imejaa hadi watu wamekaa kwa viti vya korido. Mlango wa pili fundi wa nguo Mhispania anapunguza suti, wa tatu jamaa anatengeneza simu na kutuma pesa, mbele kidogo kanisa limekodi lile duka lililokuwa la viatu na wanafanya mazoezi ya kwaya. Sasa hii maiti inaimba?

Ndio nikaona wacha niandike, juu najua nyumbani Kenya tunaangalia hizi vitu za majuu kwa darubini upande wenye unakuza. Mi niko Minnesota tangu 2009 na huku ndiko hii biashara ilizaliwa, sio mchezo. Southdale, iko Edina, ilifunguliwa Oktoba 1956 na ndio moli ya kwanza Marekani kufunikwa yote na kuwekwa hewa ya joto ileile mwaka mzima. Aliyeichora anaitwa Victor Gruen, Myahudi wa Vienna aliyetoroka Wanazi mwaka 1938, yaani mhamiaji kama sisi. Na jamaa hakutaka kujenga mahali pa kununua tu. Ramani yake ilikuwa na nyumba, hospitali, shule, bustani, moli ikiwa katikati kama soko la mji wa kwao. Kilichojengwa haraka ni maduka na pakingi ya kuzunguka pande zote, kubwa hadi ukisahau mahali umeacha gari ni wewe na Mungu wako. Baadaye alizikana kabisa hizi moli. Alirudi Vienna 1968, na 1976 ikafunguliwa moli kubwa hapo kusini mwa mji, wazo lake likamfuata hadi nyumbani.

Lakini angalia sasa Southdale yenyewe. Kwa kona ya pakingi wamejenga flati, kuna hoteli, na pale duka kubwa la JC Penney lilipokuwa walibomoa wakaweka jimu kubwa. Miaka sitini baadaye ndio wanaanza kumfanyia mzee wa watu kile alichochora. Hapo sina ubishi, ni sawa kabisa, hio pakingi ilikuwa aibu.

Shida yangu ni ile katikati, kati ya kung'aa na kubomolewa. Kwanza muelewe moli hufa vipi, manake sio rangi kuchakaa. Moli ya Kimarekani imesimama juu ya maduka makubwa mawili matatu yaliyoko kwa ncha, na mara nyingi hayo maduka ndio yanamiliki jengo lao na kipande cha pakingi, hayapangi. Hao wengine wa katikati wanaishi kwa watu wanaotembea kutoka ncha moja hadi ingine. Ncha ikifunga, wapangaji wengi wana kipengele kwa mkataba kinachowaruhusu kulipa kodi ya chini ama kuondoka, kwa hivyo mmoja akianguka wengine wanafuata. Na ukitaka kujenga upya lazima upate sahihi ya kila mwenye kipande, mkataba uliandikwa miaka ya sitini na watu walioshakufa, mmoja akikataa mnakaa miaka kumi mkiangalia majani yakiota kwa lami. Brookdale, moli ingine ya huku kwetu, kule Brooklyn Center, ilifunguliwa 1962 ikafungwa 2010, mwaka uliofuata wakabomoa karibu yote, lile duka kubwa la Sears tu ndio liliachwa limesimama pekee yake kama jino. Mahali pake waliweka supermaketi ya Walmart, nayo ikafungwa 2023, na maduka ya kuingia moja kwa moja kutoka kwa gari. Niliwahi kununua buti zangu za kwanza za theluji Brookdale miezi ya mwisho mwisho, duka zima tulikuwa wateja watatu.

Sasa hio miaka ya katikati, wakati wakubwa wamehama na mwenye jengo hana mtu, ndio kodi inashuka hadi mtu kama Ma anaweza kuingia. Ma ndiye anasuka binti yangu, ni Mliberia, tunamwita Ma vile wao huwaita wamama wa umri wake. Alianzia kwa besimenti ya nyumba yake. Miaka sita iliyopita akapata hicho chumba, akaweka viti vinne, saa hii ana wasichana watano wanafanya kazi hapo. Kwa vitabu vya mwenye moli, huyo ni nafasi isiyo na mpangaji wa maana. Ukisikia moli imekufa, uliza imekufia nani.

Nyumbani nako tulionjeshwa. Mnakumbuka supermaketi za Nakumatt, zile za nembo ya ndovu, zikianguka 2017? Moli zilikuwa zimejengwa Nairobi moja baada ya ingine, Thika Road pekee hesabu mwenyewe, na kila moja ilikuwa imemtegemea huyo ndovu awe mpangaji mkubwa. Akalala chini, kumbe shelfu ni tupu na masapulaya hawajalipwa. Bahati yetu supermaketi ya Carrefour ilikuwa imeingia mwaka mmoja kabla, ikachukua nafasi kama ile ya Thika Road Mall, wenzao Naivas nao wakaokota zao, la sivyo tungekuwa na Brookdale zetu saa hii. Lakini ukiniuliza ni jengo gani la maduka Nairobi halijawahi kunipa wasiwasi litakufa, sitakutajia hata moja lenye pakingi ya kulipia kwa mashine. Nitakupeleka Eastleigh.

Garissa Lodge ilikuwa lojing'i tu. Miaka ya tisini mwanzoni Wasomali waliokimbia vita wakawa wanauzia ndani ya vyumba, kitanda kinatolewa mchana bidhaa zinawekwa, mwishowe vyumba vikawa maduka na mtaa mzima ukafuata. Hio ndio baba ya eksibisheni zote mnazojua, hadi za River Road na Moi Avenue, jengo moja stoli mia mbili, kila mtu na shata yake na bulbu yake. Hakuna ncha. Mmoja akihama leo jioni, kesho asubuhi kuna mwingine anapiga rangi hapo. Na hii nayo imevuka bahari, Minneapolis kuna Karmel, moli ya Wasomali iliyoanzia kwa karakana ya zamani ya mashine, ukiingia unasikia udi na chai kabla hujaona duka, siku ya baridi kali kabisa hakuna pa kuegesha. Kule Fort Worth, Texas, kuna moli ilikuwa imekufa hivyo hivyo, ikaitwa La Gran Plaza, duka kubwa la ncha wakaligawa vibanda vidogo kwa ajili ya Wamexico na ikajaa. Yaani dawa inajulikana. Mbona kila mahali wakija na mchoro, stoli ndogo haimo?

Sitaki mseme napaka nyumbani mafuta. Dadangu mdogo anauza nguo za watoto kwa eksibisheni moja katikati ya Nairobi, ako hapo mwaka wa nane. Mwezi wa tisa landilodi aliandika kwa grupu ya WhatsApp ya wapangaji, saa nne usiku, kwamba jengo linaenda kuboreshwa na kila mtu awe ametoa vitu vyake baada ya wiki tatu. Meseji ilikuwa na ile emoji ya mikono ya kuomba. Hakuna mchoro, hakuna kikao, na gudwili, ile hela ya kupewa chumba, aliyolipa akiingia, laki tatu na nusu, haina risiti popote.

Nikampigia nikiwa na hasira zote za mtu aliye mbali. Kumbe huyu msichana amenipita. Ananiambia, "Bro, tulia, hio meseji si notisi." Alikuwa ameshaenda kuuliza wakili. Kenya kuna sheria ya zamani ya wapangaji wa maduka, sura ya 301, ukiwa huna mkataba wa maandishi ama mkataba wako hauzidi miaka mitano, landilodi lazima akupe notisi rasmi ya miezi miwili kwa fomu yake na aseme sababu, na wewe unaweza kwenda kupinga kwa jopo la kodi za biashara kabla siku ziishe. Kubomoa ni sababu inayokubalika, kwa hivyo mwishowe utatoka, lakini hutatolewa na emoji. Ndio maana hizi moli kubwa ukienda wanakupa mkataba wa miaka mitano na miezi mitatu, hio miezi mitatu si zawadi, ni kukutoa kwa hio sheria.

Halafu nikamwuliza Ma karatasi yake inasema nini. Akaitoa kwa droo ya chanuo. Mwezi kwa mwezi, siku 30, na mstari mmoja kwamba jengo likienda kwa ujenzi hadai chochote. Amepewa tu haki ya kuja kwa kikao na kuongea dakika tatu.

Nilienda naye. Ukumbi safi, kahawa iko, mwenyekiti anaita majina kwa mpangilio, na nitasema ukweli hio heshima nyumbani hatujaifikia, hata kama katiba yetu ya 2010 imeandika ushiriki wa umma kwa herufi nzuri. Kila mwenye nyumba jirani aliongea, wengi juu ya urefu wa flati na kivuli, mmoja dakika zake zote tatu ziliisha kwa miti. Yule mzee wa sarafu pia alikuwa, akauliza atatembelea wapi Januari. Ma aliposimama akasema jina lake, akasema yeye ni mpangaji, na anataka kujua kwa yale maduka ya chini kuna chumba cha ukubwa gani. Wale wa mradi wakaangaliana. Mmoja akasema nafasi ndogo kabisa iliyopangwa ni futi za mraba elfu moja na mia mbili. Saluni yake ni mia tano. Akauliza kama inaweza kugawanywa mara mbili, akaambiwa ni swali zuri na limeandikwa.

Mwenyekiti akasema asante, akaita jina linalofuata.

Dadangu naye kesi iko mbele ya jopo, kwa sasa hakuna wa kumgusa, lakini amekuwa akitembea Eastleigh jioni akitafuta. Jana amenitumia video ya stoli moja ghorofa ya tatu, amepima kwa hatua zake, sita kwa nane, shata mpya, choo kiko mbali. Gudwili wanaitisha laki sita. Anataka nimsaidie na mbili, na nimemwambia nitatuma Ijumaa nikilipwa, lakini safari hii aandikiwe risiti.