Nilitaja Jina Moja Tu

Mimi nilikuwa nakwenda kulala. Hilo naomba lieleweke kabla sijalaumiwa. Mechi ilikuwa imekwisha, rimoti nimeshaiweka mezani, na miayo nimeshapiga miwili, mmoja wa kweli na mmoja wa kuwaonyesha wageni kwamba saa zimekwenda. Nikafika mlangoni. Ndipo shemeji yangu, kajilaza kwenye kochi langu kama alilinunua yeye, akatupa swali kama mtu anayetupa ganda la ndizi njiani: hivi kwa historia nzima ya Arsenal, mchezaji bora kuliko wote ni nani?

Nikalikanyaga. "Henry," nikasema, mkono uko kwenye kitasa.

Jina moja tu, jamani. Hata Thierry sikusema. Saa saba za usiku nilikuwa bado nimesimama pale pale, suruali nimeikunja hadi magotini, namwigiza beki wa Newcastle.

Tatizo kubwa ni kwamba baba mkwe alikuwepo. Alikuja kwa siku mbili, kuwaona wajukuu. Hii ni wiki ya tatu, na wajukuu ameshawaona pande zote. Sasa, shabiki mwenzako akikosea unamwambia hujui mpira, mnatukana kidogo, mnacheka, yameisha. Baba mkwe utamwambiaje hajui mpira? Unasema, "Baba, ni kweli usemayo, ila..." na hiyo "ila" unaitoa polepole, macho yako kwenye zulia.

Yeye ni wa Tony Adams. Na akimtaja tu, mkono wake wa kulia unapanda juu wenyewe, kama Adams alivyokuwa akimwonyesha mshika kibendera kwamba straika ameotea. Mabeki wale wanne wa zamani, Dixon, Adams, Bould na Winterburn, walikuwa wakipanda kwa pamoja kama waliofungwa kamba moja kiunoni, halafu mikono juu. Baba mkwe ameurithi ule mkono. Mjukuu akiomba kubadilisha chaneli, mkono juu. Mimi nikifungua mdomo kuanza kutaja mabao ya Henry, mkono juu: nimeotea.

"Mechi 669," anasema. "Klabu moja. Hakwenda popote." Hapo kwenye "hakwenda popote" ananitazama, maana Henry alikwenda Barcelona 2007, na baba mkwe analisema jambo hilo kama vile ni mimi nilimbebea mabegi. Kisha anaendelea: kitambaa cha unahodha Adams alipewa Januari 1988 akiwa na miaka 21, akakivua 2002 anapotundika daluga. Ubingwa wa ligi 1989, 1991, 1998 na 2002. Miongo mitatu, nahodha yule yule.

Halafu anaingia Anfield. Hapa kila mtu mwenye haja ndogo aende mapema. Mei 26, 1989, mechi ya mwisho ya msimu, Arsenal inahitaji kuifunga Liverpool kwao, na si kwa bao moja, kwa tofauti ya mawili. Smith anapata la kwanza kipindi cha pili. Muda unakwisha. Dakika za nyongeza, Michael Thomas anapenya katikati, amebaki na kipa... na baba mkwe ananyamaza. Anavua miwani. Anaifuta kwa shati, kioo cha kushoto, kioo cha kulia, anaitazama kwenye taa, anarudia cha kushoto. Tunasubiri. Thomas tunajua anafunga, amefunga kila mara niliyosimuliwa, na nimesimuliwa tangu siku ya posa. Lakini hakuna anayethubutu kukohoa.

"Akafunga," anasema, na kuvaa miwani.

Nikajaribu. "Baba, ni kweli usemayo, ila aliyefunga si Thomas? Adams anaingiaje hapo?"

Mkono juu. "Nahodha alikuwa nani?"

Unajibu nini?

Nikageuka kutafuta msaada kwa mpwa wangu, nikidhani ujana utakuwa upande wangu. Mpwa alikuwa amezama kwenye simu. Nikamwambia, hebu mwambie babu kuhusu Henry. Akainua uso, akanitazama kwa upole kabisa, akauliza: "Henry, mjomba? Yule mchambuzi wa kwenye tivii?"

Sikilizeni. Kuna maneno mtu anaambiwa na mwili unayasikia kabla ya masikio. Goti langu liliitikia. Mchambuzi! Mtu aliyempigia Barthez, kipa wa Manchester United, lile bao Oktoba 2000, mgongo umelielekea goli, akaunyanyua mpira kidogo kwa mguu, akageuka nao ukiwa hewani na kuutia wavuni, leo ni mzee mwenye suti anayekaa mezani na kueleza mishale kwenye kioo.

Na huyu mtoto habishani kwa macho, anabishana kwa kidole. Anasugua kioo cha simu, anasoma. "Mabao 228. Sawa, ndiye anaongoza. Lakini mjomba, kuna Ted Drake, msimu wa 1934–35 alifunga 42 kwenye ligi. Henry alifikisha 42 ya ligi lini?" Nikamwambia mabeki wa enzi hizo walikuwa wanacheza na viatu vya kuchimbia mitaro. Hakunisikia, ameshafika Desemba 1935, Drake yuko kwa Aston Villa, anafunga mabao saba ugenini mechi moja. Mashuti manane, saba ndani, moja likagonga mwamba. Ukumbi mzima tukanyamaza. Hata mimi. Ukweli ni kwamba nilikuwa simfahamu vizuri huyo bwana na nilimwonea wivu.

Kutoka hapo akaruka kwa Cliff Bastin, winga mwenye mabao 178, tena vita vilimkatia njia akiwa na miaka 27. Jeshini hakwenda kwa sababu masikio yake yalikuwa mazito, na redio ya Italia ikatangaza kwamba amekamatwa mateka Krete, huku mwenyewe yuko zake London. Baba mkwe alicheka hadi miwani ikahitaji kufutwa tena, nami nikaingiwa na hofu kwamba tunarudi Anfield.

Mpwa akaona ameshinda. Akasimama, akanyoosha mikono kama kafunga yeye. Nikamwambia kaa chini, unafanya mambo ya Ian Wright. Maana Wright naye, Septemba 1997 dhidi ya Bolton, alifunga bao la 178, la kumfikia tu Bastin, akavua jezi kushangilia rekodi, chini fulana imeandikwa 179. Bao moja zima la mkopo! Bahati yake alifunga jingine muda si mrefu, mahesabu yakakaa sawa. Wright nampenda kwa sababu hiyo hiyo, na ningempa nafasi ya pili, ila hakuna aliyeniuliza.

Sasa shemeji. Huyu ndiye aliyelitupa ganda, na muda wote amelala anatabasamu. Yeye ni wa Dennis Bergkamp. Si kwa hoja, kwa undugu. Bergkamp alikuwa haogopi beki yeyote duniani, lakini ndege hapandi, na klabu ilikubali hivyo hivyo. Shemeji yangu naye anaogopa lifti. Akiona lifti anapanda ngazi ghorofa saba, anafika juu amelowa jasho, anasema, "Hata Dennis."

"Mnahesabu mabao kama mnahesabu magunia," akasema, akainuka. "Newcastle, Machi 2002. Leteni soksi."

Soksi zikaletwa. Zangu. Zikaviringishwa mpira. Mpwa akapewa kuwa Pires, atoe pasi. Shemeji akajipa Bergkamp bila kupigiwa kura. Mimi, mwenye nyumba, mlipa kodi, nikapangiwa kuwa Dabizas, yule beki wa Newcastle. Nikakataa. Baba mkwe akasema, "Mkwe, simama hapo," nikasimama hapo.

Bao lenyewe mnalijua. Pasi inakuja, Bergkamp kaipa lango mgongo, beki kamganda. Anaugusa mpira kidogo tu upande huu wa beki, mwenyewe anazunguka kwa upande ule, wanakutana mbele kama watu waliopeana miadi, anamweka beki begani, anamalizia chini kwa ndani ya mguu. Beki anabaki akitafuta alikoibiwa.

Pasi ikatolewa. Shemeji akagusa. Soksi zikapita kushoto kwangu vizuri kabisa, nakiri, zilipita vizuri. Shemeji akazunguka kulia. Lakini shemeji wa leo ana tumbo ambalo Bergkamp hakuwa nalo, tumbo likachelewa kuzunguka, likanikuta mimi, nami nikaikuta meza. Soksi zikaingia chini ya kabati, ziko huko hadi leo.

Tukiwa pale chini ndipo mke wangu alipotokea mlangoni, khanga begani. Akatutazama mmoja mmoja: baba yake, mdogo wake, mpwa, na mimi niliyekumbatia mguu wa meza. Akauliza kitu kimoja: "Lakini Bergkamp alikusudia, au mpira ulimponyoka?"

Hakuna aliyejibu. Watu wamebishana kuhusu mguso ule tangu siku ulipopigwa, na yeye kaliuliza akiwa amekuja kuzima taa. Shemeji akafungua mdomo, akaufunga. Mke wangu akarudi chumbani.

Nikaona hapa ndipo pa kuchomeka Henry wangu. Nikiwa bado nimekaa chini nikawaeleza Aprili 2004. Wiki ile Arsenal walikuwa wametolewa Kombe la FA na Manchester United, wakatolewa Ligi ya Mabingwa na Chelsea, na Ijumaa wako kwao Highbury dhidi ya Liverpool, mapumziko wako nyuma 2–1. Msimu mzima usiofungwa unataka kuvunjika mikononi. Kipindi cha pili Pires akasawazisha, kisha Henry akachukua mpira mbali, akampita Hamann, Carragher akajikuta amegongana na mwenzake, na wavu ukatikisika. Alifunga matatu siku ile, ikaisha 4–2. Bila siku ile hakuna ule msimu wa ushindi 26, sare 12, kufungwa sifuri. Nikasema yote hayo kwa sauti nzuri. Hata mpwa aliweka simu chini. Nikamwona shemeji anatikisa kichwa taratibu kama mtu anayeelewa. Nimeshinda, nikajiambia. Kwa kweli nilishaanza kuivua jezi.

Baba mkwe akakohoa.

"Na Paris?" akasema.

Mkono hakuinua. Afadhali angeinua.

Fainali ya Ligi ya Mabingwa 2006, kule Paris, wasomaji, sitaki kuieleza sana. Lehmann kadi nyekundu dakika ya 18, Pires anatolewa ili kipa wa akiba aingie, na pamoja na hayo Campbell akafunga kwa kichwa, tukawa mbele ya Barcelona tukiwa kumi. Halafu kipindi cha pili, bado bao moja bila, Henry amebaki na kipa. Henry huyo huyo wangu. Akapiga. Valdés akadaka. Eto'o akasawazisha dakika ya 76, Belletti akamaliza ya 80.

"Alikuwa amechoka," nikasema. "Alicheza peke yake mbele."

"Alikuwa amechoka," baba mkwe akakubali, kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniua. Akaniambia, "Kalale, mwanangu." Mtu aliyekuja kwa siku mbili ananipa ruhusa ya kulala kwangu.

Mpwa, mtoto yule, akaniuliza njiani: "Mjomba, Henry alipoanza Arsenal 1999, wewe ulikuwa na miaka mingapi?" Nikamwambia kumi na nne, na kwamba hilo si swali la mpira.

Nikalala chali. Goti linauma, soksi sina. Nikaanza kuipanga upya ile nafasi ya Paris. Angeipiga juu kidogo. Angemzunguka kipa. Angefungua mguu wa kulia na kuizungusha kona ya mbali, ile yake, ile aliyofunga kwayo mara mia. Ilivyokuwa 2012 amerudi kwa mkopo, ana miaka 34, alipoingia dhidi ya Leeds akaipiga hivyo hivyo ikakubali. Kwa nini Leeds ikubali na Paris ikatae? Nikapindua mto.

"Unawaza nini?" mke wangu akauliza gizani.

"Kodi ya nyumba," nikasema.

Akakaa kimya kidogo. Huyu mwanamke kakulia nyumba ya yule mzee, jamani, na mimi kila mara nasahau.

"Lala," akasema. "Valdés ameshaudaka."