Krismasi ya Bibi Huanza Kabla Hatujafika

Kila Desemba watu wa Dar es Salaam hututania Wachaga kwamba tunarudi kwetu kuhesabiwa. Utani huo siuchukii. Pita stendi ya Magufuli pale Mbezi kuanzia tarehe 20 utaona mwenyewe: mabasi ya Moshi na Rombo yamejaa, tiketi hazipatikani, na wenye magari yao wameshaondoka alfajiri ili jua liwakute mbele ya Chalinze. Treni ya Moshi iliporudi Desemba 2019, baada ya kukosekana takriban miaka 25, ilipokelewa kwa shangwe. Tunapenda kwenda nyumbani, na mimi najivunia jambo hilo bila kificho.

Shida yangu iko kwenye tarehe. Tunachelewa mno. Familia nyingi ninazozijua zinafika mlimani Kilimanjaro tarehe 23 au 24 jioni, zinakula, zinapiga picha mgombani, na ikifika tarehe 27 watu wanauliza habari za foleni ya kurudi. Kwa bibi yangu, huko Marangu, wakati tunaposhusha mabegi sikukuu imeshapita zaidi ya nusu, na wajukuu hawakuiona.

Chukua mbege peke yake, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Ndizi za mbege zinakatwa mbichi zikiwa zimekomaa, zinafunikwa mpaka ziive sawasawa. Kisha zinachemshwa saa nyingi kwenye moto wa kuni hadi zinageuka rangi na kuwa za kahawia iliyoiva, zinapozwa, zinaachwa siku kadhaa zichachuke. Huku nyuma ulezi nao una safari yake: unalowekwa, unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa, unapikwa uji. Gome la mti wa msesewe linatafutwa na kuchemshwa, maana ndilo linaloipa mbege ule uchungu wake na kuizuia isiharibike haraka. Mwisho maji ya ndizi yanakamuliwa na kuchujwa, yanachanganywa na ule uji, na vinaachwa vilale pamoja. Hesabu siku zote hizo utaona kwamba mbege ya kunywewa tarehe 25 imeanza karibu wiki mbili kabla. Hakuna namna ya kuiharakisha. Mwenye haraka atakunywa kitu kingine.

Bibi ana namna yake ya kupima kimea, yaani ule ulezi uliooteshwa na kuanikwa. Anachota punje chache kwenye mkeka, anaziuma kwa meno ya mbele huku anasikiliza. Zikipasuka kwa mlio, zimekauka, ziende kusagwa. Zikibondeka kimya, anazirudisha juani na kuzitandaza upya kwa kiganja, akiacha nafasi kati ya mafungu ili hewa ipite. Mtoto aliyekaa pembeni ya ule mkeka akapewa punje naye aume, akaambiwa "hii bado", amepata kitu ambacho hakuna mtu wa kumpa Dar es Salaam. Na aliyefika tarehe 24 akapewa kata mkononi amepata kinywaji tu.

Kazi nyingine ni za namna hiyohiyo. Kuna makaburi. Sisi wazee wetu wamelala humohumo kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo lililozunguka nyumba, chini ya migomba, na masale, mimea yetu ya heshima, yamepandwa kuwazunguka. Kabla ya Krismasi kaburi la babu linang'olewa magugu, masale yaliyokufa yanabadilishwa, njia ya kwenda pale inafagiliwa. Wakati wa kazi hiyo ndipo Bibi husema nani amelala wapi, nani alikuwa mkali, nani alichimba mfereji unaoleta maji mpaka leo, na kwa nini yule wa pembeni alizikwa karibu na mpaka. Hasemi mambo haya mezani. Siku ya sikukuu kuna watu wengi, kuna kelele, kila dakika anaitwa. Habari za ukoo anazitoa mikono ikiwa na kazi, na anayezipata ni yule aliyeshika jembe karibu naye.

Kuna kuni za kupasua. Kuna majani ya ng'ombe na mbuzi, maana mifugo yetu inalishwa bandani na sikukuu haiwapunguzii njaa. Kuna kuta za jikoni kupakwa upya. Sitaki kuyarefusha, mtu aliyekulia mlimani anayajua.

Nitasimama kidogo kwenye kahawa, kwa sababu naamini ndiyo iliyogeuza mambo na hatuizungumzii vya kutosha. Bibi alipokuwa msichana, na baadaye alipokuwa mama mwenye watoto wadogo, pesa ya Krismasi ilitoka shambani. Kahawa ilichumwa, ikamenywa, ikaanikwa, ikapelekwa kwenye chama cha msingi, na chama cha ushirika cha KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, kikauza. Malipo yalikuja kwa awamu: ya kwanza, ya pili, na yale ya mwisho yaliyoitwa majaliwa. Kwenye malipo hayo ndimo zilimotoka nguo mpya za watoto, sukari, mchele wa sikukuu, na sadaka ya kanisani. Mbuzi alikuwa wa bandani, ndizi za mgombani, mbege ya jikoni. Krismasi ilikuwa mali ya kihamba, na mwenye kihamba ndiye aliyeipanga.

Kisha bei ikaanguka. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989 soko liliyumba, na miaka iliyofuata wakulima wengi mlimani waliacha mibuni izeeke, wengine wakaing'oa wakapanda kitu kingine. Vihamba navyo vilikuwa vimeshagawanywa kila kizazi mpaka vikawa vidogo. Vijana wakaenda kutafuta maisha Arusha, Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi. Kuanzia hapo pesa ya Krismasi ikaanza kushuka kwenye basi badala ya kutoka mbunini. Na mwenye pesa, hata akiwa na roho nzuri kiasi gani, huja na mpango wake. Ndipo likaja turubai la kukodi, viti vya plastiki, mpishi wa kulipwa, spika kubwa, kreti za bia na soda, na Bibi akaketishwa kwenye kiti chenye kitambaa kizuri akaambiwa apumzike.

Najua wanaofanya hivyo wanampenda. Anko zangu wanaokodi turubai hulipa pia bili zake za hospitali mwaka mzima, na sina neno la kuwavunjia heshima. Lakini nimemtazama Bibi akiwa kwenye kile kiti. Anasimama kila mara. Anakwenda jikoni kuangalia mtori, anakuta kijana wa mpishi ameuponda ukiwa haujaiva vizuri na nyama imetolewa mapema, anauchukua mwiko bila kugomba. Ndizi za mtori lazima zilainike pamoja na nyama mpaka mchuzi uingie ndani, ndipo zipondwe polepole huku supu ikiongezwa kidogo kidogo. Mwanamke aliyewapikia wakwe zake, waliojifungua, na wafiwa kwa miaka yote hiyo hahitaji kupumzishwa kwenye kazi anayoiheshimu. Anahitaji wasaidizi wenye miguu na macho mazuri, watakaomtii.

Wako watakaoniambia kwamba hata hiyo Krismasi yenyewe ililetwa. Ni kweli. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na Wakatoliki walikuwa wameshaanza Kilema miaka michache kabla yao. Kwa hiyo babu wa babu zetu hawakuijua. Mimi naliona jambo hilo kama ushahidi wa nguvu ya hawa wazee wetu wa kike. Waliipokea sikukuu ya wageni wakaiweka ndani ya mambo waliyokuwa nayo tayari: pombe ya ndizi, mgawo wa nyama ambao kila kiungo kina mwenyewe, heshima kwa waliolala kihambani, na kikao cha ukoo. Bibi husali kwa Ruwa, yaani Mungu, kwa Kichaga chake kabla ya kumimina mbege, na hapo Ruwa ni yuleyule anayehubiriwa kanisani. Haoni mgongano, nami sioni.

Kanisani nako kuna kitu nisichotaka wajukuu wakikose. Ibada ikiisha, matarumbeta yakishapiga, watu hawatawanyiki. Kuna mnada. Waliokosa pesa taslimu wameleta walichonacho: mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu, trei ya mayai, kibuyu cha maziwa, boga. Mwendesha mnada ananadi yai moja na linapanda bei mpaka watu wanacheka. Anayelinunua mara nyingi hulirudisha linadiwe tena, au humpa mzee aliyekaa nyuma. Yule bibi maskini aliyeleta mayai matano anaondoka akiwa amechangia zaidi ya mwenye gari kubwa, na kila mtu ameona. Sijui njia nyingine nzuri zaidi ya kumfundisha mtoto wa mjini kwamba utoaji una heshima hata kwa asiye na kitu. Mtoto aliyemsaidia Bibi kukamata jogoo alfajiri, akambeba hadi kanisani kwa mikono yake, ndiye atakayesikiliza mnada ule kwa moyo wote.

Na kikao cha ukoo. Kwetu hufanyika tarehe 26. Wanakaa wazee, watoto wao, na siku hizi wakwe na mabinti nao wanasema, jambo ambalo nalishukuru. Hapo ndipo huchangwa ada ya mtoto aliyefiwa na baba, ndipo hujadiliwa mpaka uliosogea, ndipo watu waliokuwa hawasalimiani hukutanishwa. Mwaka mmoja niliona mjomba akimletea ndugu yake jani la isale, moja la yale masale, kumwomba msamaha, na yule ndugu, aliyekuwa amekunja uso tangu asubuhi, akalipokea. Kwa mila yetu isale halikataliwi. Anayelikataa anajitafutia lawama ya ukoo mzima. Watoto walikuwa wamesukumwa nje wakacheze. Mimi ningewaita ndani waone.

Basi, maoni yangu ni haya. Shule zinafungwa mapema Desemba. Wazazi wengi tunabaki na watoto mjini wiki mbili au tatu, wanaangalia televisheni na simu huku sisi tunasubiri likizo ya kazini. Wapelekeni. Apande basi na shangazi au kaka mkubwa aliyekwisha maliza mitihani, afike kwa Bibi ndizi zikiwa bado mbichi. Wazazi watafuata tarehe 23 kama kawaida yao. Nauli ya mapema ni nafuu kuliko ya siku za mwisho, na mtoto hasongamani na watu.

Kuna sharti moja ambalo kwangu halina mjadala. Mtoto asipelekwe mikono mitupu. Bibi ni mtu mzima. Kumrundikia wajukuu bila unga, mafuta, sukari, dawa zake na pesa ya mkononi ni kumtesa kwa jina la mila. Na awepo kijana au mama mmoja mwenye nguvu wa kukaa nao, ili Bibi abaki kuwa mwalimu asije akageuka yaya. Nimeona nyumba ambazo bibi alilemewa mpaka sikukuu ikamkuta kitandani. Hilo ni aibu yetu, si yake. Tena wavulana wasiachwe wakikaa barazani kungoja kuchinja mbuzi. Kuosha masufuria na kumenya ndizi hakujawahi kumpunguza mtu uanaume, na utomvu wa ndizi ukikauka mkononi hautoki kwa sabuni, kwa hiyo wajifunze mapema kupaka mafuta kabla hawajaanza.

Mpishi wa kulipwa naye apunguziwe kazi. Apike pilau na kuku kwa ajili ya wageni wengi, sawa. Mtori, mbege na machalari, zile ndizi za kupikwa na nyama, vibaki mikononi mwa Bibi na wasaidizi wake. Pesa inayookolewa kwenye spika inatosha kabisa kununua ulezi mzuri na kuni kavu.

Nililitoa wazo hili kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, na halikupita kirahisi. Shangazi mmoja aliuliza nani atawajibika mtoto akiugua, swali la haki kabisa. Tumekubaliana dada yetu muuguzi anayeishi Himo awe anapita, na kadi za bima za watoto zibebwe. Anko mkubwa alitaka turubai libaki kwa sababu ya mvua, na tumelibakiza. Kuna aliyesema watoto wake hawajui Kichaga, watamsikiaje Bibi? Bibi alipopigiwa simu kuulizwa alijibu kwa Kiswahili chake kilichonyooka kwamba ng'ombe naye hajui Kiswahili na bado wanaelewana, walete. Shangazi akamjibu "aika mae", yaani asante mama, akaanza kuorodhesha majina. Mpaka sasa kila nyumba imetaja mtoto mmoja, na wa kwanza wanasafiri Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa.