Usiku Jogoo Wangu Alipowika Saa Mbili

Mayai mengi tunayokula Goma, mashariki mwa Kongo, yanavuka mpaka kuja kwetu, na mimi niliapa kwamba mtaani kwetu Ndosho, angalau kwenye barabara yetu, yatatoka kwangu. Nilikuwa na kuku ishirini, jogoo mmoja, na banda la mita tatu kwa nne lenye kuta za mawe ya lava.

Tatizo lilikuwa mchana. Goma iko karibu na ikweta, jua letu linakaa saa kumi na mbili mwaka mzima, na kuku wa mayai anataka mwanga wa saa kumi na nne hadi kumi na sita ndipo atage vizuri. Kijitabu changu cha Kimarekani, kilichonunuliwa kwenye rundo la vitabu vikuukuu, kilisema niongeze taa jioni, na mwanga unaofika kwenye chombo cha chakula uwe futi-mshumaa moja, kipimo chao cha mwanga.

Nikampelekea shemeji. Amefundisha fizikia miaka mingi. Tunamwita Profesa, na ukimwita kwa jina la ubatizo hageuki.

"Mama Neema, hii ni hesabu ya kale," akasema, akavaa miwani, akaanza na nyangumi. Zamani kila taifa lilikuwa na mwali wake wa kupimia. Waingereza, kwa sheria ya 1860, walitumia mshumaa wa mafuta ya nyangumi wenye uzito wa sehemu moja ya sita ya ratili. Wafaransa walikuwa na taa ya Carcel, iliyochoma gramu 42 za mafuta ya kolza kwa saa. Kandela, kipimo cha pamoja cha mataifa yote, ikaja kukubaliwa mwaka 1948. Nikauliza kuku wanaingia wapi. Akaniambia nisiwe na haraka.

Kitabu chake, cha Kibelgiji na cha enzi za ukoloni, hakikuwa na futi, maana Wabelgiji hupima kwa mita. Kilikuwa na foti, kipimo kingine cha mwanga.

"Ndiyo yenyewe hii. Wamarekani hawajui kuandika."

Foti moja, kwa jedwali lile, ni luksi 10,000. Lumeni hupima mwanga wote unaotoka kwenye taa, luksi ni lumeni moja kwa kila mita ya mraba, banda lina mita za mraba 12, basi zinatakiwa lumeni 120,000. Projekta ya wati 100, zile taa za kumulika uwanja, inatoa kama lumeni 10,000.

"Projekta kumi na mbili," akatamka.

"Wati 1,200 kwa kuku ishirini, shemeji?"

"Ndiyo maana Wamarekani wana mayai."

Akazikodi kwa jamaa mwenye vyombo vya harusi. Zikafika juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, pamoja na jenereta.

Saa mbili usiku akavuta kamba. Mwezi mpevu, naomba uelewe, hautoi hata nusu luksi. Luksi 10,000 ni mchana wenye mawingu. Kuku waliokuwa wamelala wakaporomoka kutoka kwenye fito. Jogoo akafumbua jicho moja, akaona amechelewa kazini, akawika bila hata kunyoosha shingo. Majogoo wa mtaa mzima wakamjibu. Mama muuza mandazi akatoka mbio kuwasha makaa, akiulaani usingizi. Wanafunzi wakaja na madaftari, wakajipanga kwenye ukuta wangu, maana kwao umeme ulikuwa umekatika. Bibi mmoja akaleta mchele wake kuuchambua.

Ndani ya banda mambo yaliharibika. Mwanga mkali humtia kuku ukorofi: anaona kila unyoya uliokaa vibaya wa mwenzake. Walianza kudonoana matako.

Halafu ukungu ukashuka. Mwanga ukaugonga, anga juu ya mabati yetu likang'aa, na huko barabara ya juu mtu akapiga kelele: "Mlima!"

Tangu volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka jioni ya Mei 22, 2021, hakuna mtu wa Goma anayeuliza swali la pili akisikia neno hilo. Magodoro yakatoka kupitia madirishani. Jirani yangu, mwanaume mzima, alipita amekumbatia televisheni, mama mkwe wake amebaki mlangoni. Jambo hilo bado linajadiliwa kwenye vikao vya familia. Mwanga wa Nyiragongo ni mwekundu, huu wetu ulikuwa mweupe, lakini nani alikuwa na muda wa kuchagua rangi? Mimi nilisimama katikati ya barabara na upawa mkononi nikipaza sauti: "Ni kuku! Ni kuku tu!" Hakuna aliyetulia kwa maelezo hayo.

Profesa akazima. Neema, binti yangu, alikuwa tayari ameshika simu.

"Baba mdogo, foti ni lumeni moja kwa sentimita ya mraba. Futi-mshumaa ni mwanga wa mshumaa mmoja ulio umbali wa futi moja. Mshumaa huohuo ukiwa umbali wa mita, hiyo ni luksi moja." Mita ina futi 3.28, zidisha kwa yenyewe, unapata 10.76. Kwa hiyo futi-mshumaa moja ni luksi 10.76, na banda letu lote lilihitaji lumeni 129. Taa yetu ya jikoni, ya wati 9, inatoa kama mara sita ya hizo. "Tumezidisha mara 929," akamaliza.

Profesa akaitafakari namba ile. Kisha akasema kwamba katika fizikia, kosa lisilofika elfu moja linavumilika.

Asubuhi nilikuta mayai mawili, moja halina ganda. Nilikuwa bado naokota manyoya mchungaji wa kanisa la mtaani alipobisha hodi. Nikaanza kuomba radhi. Akanizuia kwa mkono. Alitaka kujua zile taa zinakodishwa bei gani, kwani Ijumaa wana mkesha.

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka nyuma yangu:

"Kanisa lenu lina mita za mraba ngapi?"